Anjelina Ndahani na Sauti Aliyojichagulia

Wachungaji, wazee wa Ikowa na wa Rungwe, viongozi wa ofisi, majirani wa Chang'ombe na ndugu waombolezaji wote, shikamooni wakubwa, na poleni kwa safari na kwa msiba. Maisha mtakayosomewa ni ya Anjelina Charles Ndahani, aliyefariki dunia Ijumaa tarehe 6 Juni 2025, nayo yameandikwa na mumewe, Ambokile Mwakalobo, kwa kufuata maagizo aliyoyaacha marehemu mwenyewe akiwa na akili zake timamu. Aliagiza kwanza kwamba asomaye awe Swaumu Mudrick, mfanyakazi mwenzake kutoka Kondoa, ambaye alimwita mdogo wake tangu siku ya kwanza walipokutana kazini, na kwa kuwa Swaumu anasoma maandishi ya nukta nundu, anayemwona hainamishi macho kwenye karatasi asidhani ameikariri, anaisoma, vidole vyake vipo juu ya maneno haya haya. Wapo wazee walioona kwamba kwa desturi kazi hii ni ya mwanaume wa familia, wakampendekeza Mzee Ulimboka, kaka mkubwa wa Ambokile kutoka kwao Rungwe, lakini Mzee Ulimboka ndiye aliyeufunga mjadala huo juzi Jumamosi, akasema shemeji yake hakuwahi kupangiwa sauti akiwa hai, na kwamba yeye hataanza kumpangia leo. Agizo jingine lilikuwa fupi zaidi, kwamba popote patakapotajwa kutokuona kwake, lisitumike neno "licha", kwa sababu hakuishi licha ya kitu chochote, aliishi.

Anjelina alizaliwa Jumanne tarehe 2 Oktoba 1979 katika kijiji cha Ikowa, ambacho sasa kipo Wilaya ya Chamwino, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Charles Ndahani, mkulima wa uwele na mfugaji, na Mama Ritha Mlewa, ambaye yupo nasi hapa mstari wa mbele. Mwezi Julai 1983 surua ilipita kijijini, ikachukua watoto wanne wa majirani, na kwa Anjelina, aliyekuwa na umri wa miaka mitatu na miezi tisa, ikachukua macho yote mawili. Alikuwa akisema kwamba kitu pekee alichokikumbuka kwa macho ni wekundu wa udongo wa kisimani baada ya mvua ya kwanza, na kwamba kilimtosha, hakuwa na haja ya kukumbuka rangi ishirini.

Mwezi Januari 1988 baba yake alimpakia kwenye baiskeli kumpeleka shule ya watoto wasioona ya Buigiri, na ndugu mmoja wa ukoo, ambaye hatatajwa kwa kuwa alishamwomba radhi, alimuuliza Mzee Charles mbele ya watu, "Sasa Charles, huyo atasoma kwa macho gani?" Mzee Charles, ambaye mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye pedeli, alijibu, "Atasoma kwa alivyonavyo," akaondoka. Alivyokuwa navyo ni vidole na masikio, na pale Buigiri walimu, ambao aliwataja kwa heshima hadi mwisho, walimfundisha kuvitumia, kiasi kwamba akiwa darasa la nne alikwenda kwa mwalimu wa zamu mwezi Juni kulalamika kwamba vitabu vya kabati la darasa lake vilikuwa kumi na kimoja, naye alikuwa amevimaliza, je, hadi Desemba afanye nini. Alihitimu darasa la saba mwaka 1994, akaendelea na sekondari huko Korogwe kuanzia 1995 hadi alipomaliza kidato cha sita mwezi Mei 2001, na mwezi Oktoba mwaka huo akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea isimu, yaani elimu ya lugha, alikohitimu shahada ya kwanza mwezi Novemba 2004.

Chuoni kulikuwa na utaratibu wa wanafunzi wanaoona kuwasomea wenzao wasioona vitabu ambavyo havikuwepo kwa nukta nundu, na Jumatatu tarehe 18 Machi 2002 mwanafunzi wa mwaka wa pili wa takwimu, Ambokile Mwakalobo, alipangiwa kumsomea Anjelina kitabu cha isimu chenye kurasa 340, ambacho yeye msomaji hakuelewa hata ukurasa mmoja. Alisoma kwa kasi ya maneno mia moja na hamsini kwa dakika, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, na neno alilolisikia mara nyingi kuliko yote kutoka kwa msikilizaji wake lilikuwa, "Kaka, umeruka mstari," jambo ambalo mwanzoni alilibishia, kisha akirudi kuangalia alikuta ni kweli, kwa sababu Anjelina alizisikia sentensi zikikosa miguu.

Mwezi Novemba 2002 ikaletwa kompyuta yenye programu ya kutamka, ile inayosoma kwa sauti kila kilichopo kwenye kioo, na sauti yenyewe haikuwa ya mtu, ilikuwa ya mashine tupu, kavu, yenye kukwaruza, ikitamka Kiswahili kama mgeni aliyeteremka uwanja wa ndege asubuhi ile. Wanafunzi wengi waliikimbia. Anjelina akaipa jina, akaiita Bati, akakaa nayo wiki nane, akaongeza kasi kidogo kidogo kila wiki, hadi aliporudi kwa muhula mpya alikuwa akiisikiliza kwa maneno mia nne na kumi kwa dakika, kasi ambayo Ambokile aliipima mwenyewe kwa saa, mara tatu, kwa kuwa hakuamini kipimo cha kwanza wala cha pili. Siku hiyo hiyo akamwachisha kazi, wakiwa ukurasa wa 112, kwa maneno haya: "Kaka Ambokile, asante sana, ila nimepata anayesoma haraka kuliko wewe, haruki mstari wala haombi chai." Jumatatu iliyofuata Ambokile alikuja saa ile ile bila kitabu, akaulizwa amefuata nini, akasema amefuata chai.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Septemba 2006 katika kanisa la Ikowa, wakahamia hapa Chang'ombe, kwenye nyumba hii iliyopakana na mashine ya kusaga ya Mzee Hassani, na Mungu akawajalia watoto wawili, Brighton, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2008, na Gladness, aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 2011. Watoto hawa walilelewa na mama aliyejua kwa hatua zao nani ameficha nini mgongoni, na walilala mchana wakisikia Bati akichapa maneno chumba cha pili, hata Gladness alipofikisha miaka minne alianza kuigiza sauti ile mbele ya wageni, akikwaruza na kukimbiza maneno, na wageni wakashindwa kujua kama wacheke au wamwombee.

Kuhusu kazi, Anjelina aliajiriwa tarehe 1 Julai 2005 katika ofisi moja ya umma hapa mjini, ambayo yeye mwenyewe aliagiza isitajwe jina, kwa kuwa waliokosea wengi wamestaafu na waliojirekebisha wamekuja kumzika. Aliajiriwa na shahada yake kuwa opereta wa simu, kwa sababu wakati ule mtu asiyeona akija na vyeti, macho ya mwajiri yalikwenda moja kwa moja kwenye simu, na alipokea na kuunganisha simu kwa miaka minne, akiwajua maofisa wote kwa pumzi zao. Mwaka 2009 aliandika barua kuomba kazi ya kuandika kumbukumbu za vikao, ambazo hunaswa kwa sauti kisha huchapwa, akaeleza kwamba kazi hiyo ni ya masikio, na kwamba kama ofisi inatafuta masikio, anayo mawili, moja la kusikiliza kikao na la pili la kumsikiliza Bati akimsomea anachochapa. Alikubaliwa kwa majaribio ya miezi sita, na ndani ya majaribio hayo ndipo ilipokuja barua ambayo wengi wenu mmeisikia kwa masimulizi, basi leo isikieni kwa usahihi.

Anjelina alikuwa na kawaida ya kuzima kioo cha kompyuta anapofanya kazi, kwanza kwa kuwa hakikuwa na kazi kwake, na pili kwa kuwa nyaraka nyingine zilikuwa za siri na waliopita nyuma yake walikuwa na macho. Jumatatu tarehe 10 Mei 2010 mkuu wake wa kitengo, Bwana Masudi, ambaye yupo hapa leo na ameruhusu jina lake litajwe, alipita mlangoni mara tatu, na mara zote akaona mwanamke aliyevaa hedifoni mbele ya kioo cheusi, akitabasamu. Kesho yake ikaja barua ya kumtaka ajieleze, yenye sababu kwamba ameonekana mbele ya kompyuta iliyozimwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, akisikiliza muziki na kutabasamu, na barua hiyo ilikuwa ya karatasi.

Anjelina aliipapasa, akakuta ni laini mbele na nyuma, akaketi akajibu, na nakala ya jibu lake ipo nyumbani hadi leo. Aliandika kwamba barua ya mkuu wake hajaisoma, kwa kuwa ameandikiwa kwa njia ambayo mkuu mwenyewe ndiye pekee anayeweza kuisoma, hivyo anaomba itumwe kwenye kompyuta yake, hiyo iliyozimwa. Ilitumwa, na baada ya dakika saba Bwana Masudi akapata maelezo yaliyoambatanishwa na kurasa arobaini na moja zilizochapwa Jumatatu ile kati ya saa tatu na saa nane, pamoja na sentensi moja ya ziada, kwamba tabasamu lilitokana na utani wa mjumbe mmoja kikaoni, ambao upo ukurasa wa 17 kwa anayetaka kuthibitisha. Bwana Masudi, aliyemzidi umri miaka kumi na miwili, alikwenda mwenyewe chumbani kwake, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, Mama Brighton," naye Anjelina akaitikia, "Marahaba," bila kusita, kama mtu aliyekuwa akiingojea. Majaribio yaliishia hapo, akathibitishwa kazini.

Mwaka 2016 ofisi iliajiri wafanyakazi wengine wawili wasioona, mmoja wao akiwa Swaumu, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata ikaamuliwa kwamba sauti ya kompyuta zao zote ibadilishwe. Kamati ya watu saba, wote wanaoona, ilisikiliza sauti mbalimbali ikapenda moja, ya mwanamke, laini, yenye kutulia kama ya mtangazaji wa redio asubuhi, na ikapendekeza kwamba kuanzia tarehe 1 Aprili sauti za zamani ziondolewe, kwa kuwa zinatia aibu wageni wakipita, na kwamba atakayeshindwa na mpya atapewa mtu wa kumsomea. Yote hayo yalipangwa kwa nia njema, na hilo Anjelina alilikubali siku zote, ila alisema nia njema ndiyo iliyompa taabu kubwa zaidi maishani, kwa sababu ukiibishia unaonekana huna shukrani. Kilichokuwa hatarini kwake si starehe ya masikio. Mtu anayeamua sauti yako na kasi yako ndiye anayeamua utasoma kiasi gani kwa siku, na kwa hiyo utafanya kazi gani, na Anjelina alijua kwamba kwa kasi ya mtangazaji wa redio angerudi kwenye simu kabla mwaka haujaisha.

Kikao kilifanyika Jumanne tarehe 14 Machi 2017 kwenye ukumbi mdogo kule Makole, Bwana Masudi akiwa mwenyekiti, na sauti mpya ikasikilizishwa kwa wote, wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika, mmoja akasema hata yeye angeisikiliza siku nzima. Anjelina akasema, "Ndiyo, wewe ungeisikiliza siku nzima, mimi nina kurasa arobaini," akaomba iongezwe hadi maneno mia nne kwa dakika. Ilipoongezwa, sauti ile nzuri ikaanza kumeza maneno, ikayumba kama redio ya betri zinazoisha, hata fundi aliyeileta akainamisha uso. Kisha akaomba Bati awekwe kwa mia nne na kumi, na ukumbi ukasikia mvua ya mawe juu ya paa, hakuna aliyeshika hata neno, mjumbe mmoja akauliza kama kile ni Kiswahili. Anjelina akamwambia Bwana Masudi achague ukurasa wowote kwenye jalada lolote la kompyuta, ambao yeye na Swaumu hawajawahi kuusikia, na Bati akausoma kwa sekunde hamsini.

Swaumu alieleza nusu ya kwanza, Anjelina nusu ya pili, kipengele kwa kipengele, na alipomaliza aliongeza kwamba aya ya nne ni aya ya pili iliyorudiwa neno kwa neno, na kwamba aliyesaini waraka huo hakuusoma. Bwana Masudi akatazama sahihi ya chini, ilikuwa yake. Alicheka yeye kwanza, ndipo wengine wakapata ruhusa ya kucheka. Mjumbe mmoja, ambaye hakucheka, alirudi kwenye hoja ya kuwapa mtu wa kuwasomea, akisema ni ya kibinadamu zaidi, na Anjelina akamjibu, "Msomaji wa kibinadamu nilikuwa naye chuoni, nikamwachisha kazi, nikaolewa naye, sitaki kuanza upya." Kabla ya saa nane ilikuwa imeandikwa, nayo inatumika ofisini hadi leo, kwamba kila mtumiaji atajichagulia mwenyewe sauti, kasi na njia ya kusikiliza au kusoma, na ataweza kubadilisha wakati wowote, bila kutoa sababu. Maneno matatu ya mwisho yaliongezwa na Anjelina, na alipoulizwa ni ya nini, alisema mwenye macho akinunua miwani mpya hakuna kikao.

Marehemu alianza kujisikia maumivu mwezi Septemba 2022, na Jumatatu tarehe 17 Oktoba akaambiwa ana saratani ya shingo ya kizazi. Daktari wa siku ile, Daktari Asma, alianza kwa kumuuliza Ambokile, "Mama anakula vizuri?" na sauti ikatoka kitandani, "Daktari, mgonjwa ni mimi, na masikio ninayo bado." Daktari Asma aliomba radhi, akahamisha kiti, akakaa upande wake, na tangu hapo hakumuuliza mume jambo lolote lililomhusu mke. Yeye ndiye aliyemweleza wiki iliyofuata, bila kuficha na bila kupamba, kwamba dawa iliyofaa zaidi kwa hatua yake huweza kuharibu usikivu, ikianzia sauti nyembamba, na huweza pia kutia ganzi vidoleni. Kwa mtu anayesoma kwa masikio na vidole, ndugu waombolezaji, hayo mnayaelewa. Anjelina aliuliza ni sauti zipi zitaondoka kwanza, na vidole vipi, akajibiwa, akasema, "Basi anzeni. Niishi kwanza, namna ya kusoma nitaitafuta."

Mtu wa takwimu huandika alichopima, na Ambokile alipima. Januari 2023 mke wake alisoma maneno mia nne na kumi kwa dakika, kama alivyosoma kwa miaka ishirini. Mwezi Juni mwaka huo yalikuwa mia tatu. Februari 2024 yalikuwa mia moja na tisini, na Bati, ambaye uzuri wake wote ulikuwa katika kukwaruza, alianza kupotea, kwa kuwa herufi zinazokwaruza ndizo zilizokuwa zikiondoka masikioni mwake. Anjelina hakulia kwa ajili ya Bati. Alimwita Swaumu, wakakaa siku nzima wakijaribu sauti moja baada ya nyingine, nzito na nyembamba, za kiume na za kike, hadi akachagua ile ile laini ya kamati ya mwaka 2017, akaishusha ikawa nzito, akaipunguza kasi, akaendelea na kazi.

Habari zikazunguka ofisini, na Bwana Masudi, aliyekuja kumjulia hali na mfuko wa zabibu, alishindwa kuvumilia, akasema, "Mama Brighton, si hii ndiyo uliyoikataa mbele ya kamati nzima?" Anjelina akamjibu, "Sauti sikuikataa, niliwakataa nyinyi kunichagulia. Na iliandikwa kwamba ni bila kutoa sababu, kwa hiyo hili jibu nimekupa bure, kula zabibu." Wapo waliosema siku zile, kwa upole, kwamba maisha yamemfundisha, kwamba hatimaye amekubali. Walikosea, na familia inaomba wasirudie kosa hilo makaburini. Mtu aliyepigania haki ya kuchagua hashindwi siku anapochagua kingine.

Mwezi Novemba 2024 masikio yalikuwa yamebaki na maneno mia moja na ishirini, nayo kwa kubahatisha, ndipo alipohamia kwenye kifaa cha nukta nundu kinachounganishwa na kompyuta, ambacho pini zake ndogo hupanda na kushuka na kuunda maandishi chini ya vidole. Vidole vinane vilikuwa vimeshashikwa na ganzi. Alivijaribu kimoja kimoja, akakuta kilicho hai zaidi ni kidole cha pete cha mkono wa kushoto, akaivua pete, akaivaa shingoni kwa uzi, akasoma kwa kidole hicho maneno thelathini na nane kwa dakika. Kwa kasi hiyo alimaliza kumbukumbu za vikao kumi na viwili, bila kosa lililorudishwa, na siku yake ya mwisho kazini ilikuwa Ijumaa tarehe 28 Machi 2025, alipozima kioo ambacho kilikuwa kimezimwa siku zote, akasema ni kwa mazoea tu.

Mwezi Aprili kidole cha pete nacho kikanyamaza. Jumatatu tarehe 5 Mei, baada ya chai ya asubuhi, Anjelina alimwita mumewe kwa jina ambalo hakuwa amelitumia tangu chuoni, akasema, "Kaka Ambokile, ile kazi yako bado unaitaka?" Akamwagiza atoe kwenye sanduku kile kitabu cha isimu cha kurasa 340, afungue pale alipoachishwa, yaani ukurasa wa 113, akae upande wa kulia ambako sikio lilikuwa limebaki kidogo, asome kwa sauti nzito, maneno tisini kwa dakika, wala asikimbie. Alisomewa hivyo kila siku kuanzia saa tatu hadi saa nne asubuhi, na Mzee Hassani, pasipo kuombwa na mtu, alizima mashine yake ya kusaga kwa saa hiyo nzima kila siku, wateja wakakaa juu ya magunia yao wakingoja, na hakuna aliyenung'unika kwa sauti. Asitokee mtu akasema kwamba mwishowe alirudi kusomewa kama walivyotaka. Zilikuwepo njia nyingine, ulikuwepo mwanya wa kunyamaza tu, alikuwepo Swaumu, zilikuwepo kaseti. Alizipima zote akachagua hii, na aliyechaguliwa hajui heshima kubwa kuliko hiyo, ikiwemo ile ya kanisani Ikowa.

Ijumaa tarehe 6 Juni 2025 walikuwa ukurasa wa 297. Saa tatu na dakika ishirini, kwa sababu ambazo hazihitaji maelezo, macho ya msomaji hayakuona vizuri, akapita mstari mmoja bila kujua, akaendelea. Anjelina, ambaye hakuwa amesema kitu tangu usiku, alisema, "Umeruka mstari." Ambokile alirudi akautafuta, akausoma mstari wote, polepole, naye akatikisa kichwa kwamba sasa ni sawa. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alifariki saa nne na dakika kumi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, miezi minane na siku nne, na kurasa arobaini na tatu zilizobaki zitasomwa, saa ile ile, na mwenye kazi hiyo anajulikana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na kwa namna ya pekee Daktari Asma, aliyemwambia ukweli yeye kabla ya kumwambia mtu mwingine. Inawashukuru majirani wa Chang'ombe kwa maji, kuni na ukimya, na Mzee Hassani kwa saa thelathini na tatu za mashine iliyozimwa. Inawashukuru wafanyakazi wenzake wote, na Bwana Masudi, aliyekubali kukosolewa mara mbili na kuja mara ya tatu na zabibu, na inawashukuru wachungaji, ndugu wa Ikowa na wa Rungwe, Mama Ritha kwa kumzaa, na Swaumu kwa kusoma hadi hapa vidole vikiwa vimelowa, kwani Ambokile alijua vitalowa, ndiyo maana karatasi ikawa nzito. Ameacha mume, watoto wawili, mama, ndugu watano, na sentensi moja inayowalinda watu ambao hakuwahi kukutana nao.

Anjelina, mwenzetu, pumzika kwa amani, kwa kasi uitakayo mwenyewe, bila kutoa sababu.